Ukurasa wa Sitini na Moja

Gredi ya Nne tulipelekwa Ngomeni.
Mwalimu Righa alituhesabu mara tatu,
mara ya tatu tukazidi mmoja,
akaanza upya.
Mizinga niliiona. Kila mtu aliiona.
Mimi nilibaki kwenye ukuta
waliouchora mabaharia wa zamani:
meli, samaki, mtu wa kofia,
na onyo kando yake, usiguswe.
Nikamtazama Mwadzombo, naye akanitazama.
Wiki iliyotangulia alichora feri ukutani mwa darasa,
akausugua ukuta mzima kwa sabuni ya unga
hadi kengele ya jioni.

Gredi ya Tano, kiwanda cha mikate, Changamwe.
Tulivishwa kofia za karatasi kama wapishi wa harusi.
Mkate wangu wa moto niliukumbatia hadi Chaani,
na nyumbani nikasema tulipewa nusu nusu.
(Nusu nyingine niliila njiani.
Sikuwahi kusema. Sasa nimesema.)

Kisha Gredi ya Sita: Bamburi, kuwalisha twiga.
Shilingi mia nne na hamsini.
Mama aliishika ile barua
akaisoma pande zote mbili,
ingawa upande wa pili ulikuwa mtupu.
Sikumuuliza tena.

Basi lilipoondoka nilibaki na maktaba,
yaani kabati la chuma,
mlango mmoja haufungi, wa pili haufunguki.
Nikatoa kile cha msichana anayemfuata babake mlimani,
kitabu nilichokisoma mara nne bila kukimaliza,
kwa kuwa kinakatika ukurasa wa sitini:
kasimama mlangoni, mkono juu, ataka kubisha.
Mara nne nimemwacha pale kwenye baridi.

Jikoni Dada Mbeyu alikuwa akichagua maharagwe.
"Nisomee," akasema, "haya mawe yamenichosha."
Nikasoma. Kila nikivuta pumzi, yeye: "Kisha?"
Theluji ilibidi nimweleze.
Nikamwambia ni ile barafu ya friji ya Mama Chizi,
ile ya juu, inayoota manyoya.
"Sasa mtu huishije ndani ya friji?"
Nikakosa jibu.

Sitini. Nikafunga kitabu.
"Kisha?"
"Hakuna kisha. Kurasa zimechanwa."
Akanyamaza. Akatazama jiko.
Akatazama boksi la karatasi za kuwashia moto.
"Nilipewa," akasema. "Waliniambia ni taka."

Tulilimwaga lote sakafuni:
mitihani ya kale, barua za karo, kalenda ya mwaka juzi.
Ikatoka karatasi moja, imeungua pembe.
Sitini na moja.
Mlango ulifunguliwa na mtoto mdogo
aliyeshika kijiko.
"Karibu," alisema, "baba amelala na
Hapo ndipo moto ulipoanza kula.

Dada Mbeyu alishikilia: amelala tu, amechoka na mlima.
Mimi nikasema kile kijiko ni cha dawa.
Tulibishana mpaka maharagwe yakakauka maji,
na siku hiyo waalimu walikula chakula chenye harufu ya moshi.

Saa kumi basi likarudi.
Nyevu akanieleza ulimi wa twiga ni mweusi kama wino
na ulimkwaruza kiganja.
Akaninusisha kiganja chenyewe.
Nami nikamweleza kijiko.
Akauliza, "Cha mbao au cha bati?"
Hata hilo sikulijua.

Mwalimu akataka ubeti juu ya ziara,
mizani kumi na sita, asiyejua ahesabu kwa vidole.
Vyangu havikutosha, nikaazima vya Nyevu:

*Wenzangu wendele mbali, na twiga wakawalamba,*
*Jikoni, hatua mbili, nimefika kwenye nyumba,*
*Ya theluji na jabali, moshi mweusi watamba,*

Mstari wa nne ulinikataa. Nikauacha mtupu.

Daftari liliporudi halikuwa na alama.
Palikuwa na neno moja, kwa wino mwekundu,
pale pale penye pengo:
*Kisha?*

Nikalikimbiza hadi jikoni.
"Dada Mbeyu, tazama, hili ni neno lako."
Akapangusa mikono kwenye leso,
akaliinamia sana, kama mtu anayechagua mawe,
kisha akaniuliza
K ni ipi.